Kilindini: Jinsi Umbali Ulivyoipa Mombasa Kituo cha Manowari, Kisha Ukakiondoa

Anayeeleza kwa nini Kilindini iliwahi kuwa makao ya kundi kubwa la manowari za Uingereza kwa kawaida hutoa sababu moja: maji yake ni marefu na yamekingwa na mawimbi. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Maji hayo yalikuwa marefu na matulivu vivyo hivyo Wareno walipofika Mombasa mwaka 1498, na Waomani walipoizingira ngome ya mji karibu miaka 200 baadaye, na bado pande zote hizo zilipigania bandari nyingine, iliyo ubavu wa pili wa kisiwa. Kisha mwaka 1942, katika muda wa wiki chache, Kilindini ikapokea manowari kubwa ambazo pwani hii haikuwahi kuziona zimekusanyika pamoja, na haikupita miaka miwili zikawa zimekwenda zao. Ikiwa kina cha maji ndicho kilichozileta, mbona hakikuzibakisha?

Ili kulijibu swali hilo inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Bandari asilia ni umbo la nchi na maji, yaani mahali ambapo chombo kinaweza kutia nanga bila kupigwa na bahari. Bandari ya biashara ni gati, maghala, winchi, reli na ofisi ya ushuru, vitu ambavyo hujengwa kwa miaka na kwa fedha nyingi. Kituo cha manowari huhitaji yote hayo na zaidi: mafuta, risasi, mafundi, ulinzi, mawasiliano, na kuwa mahali panapofaa kulingana na alipo adui. Jambo la kwanza halibadiliki katika umri wa mwanadamu, la pili hubadilika polepole, lakini la tatu linaweza kuja na kuondoka kwa amri ya siku moja, kwa kuwa adui naye huhama.

Mlango mmoja, bandari mbili

Kisiwa cha Mombasa kimekaa kwenye midomo ya mabonde mawili ya mito yaliyozama. Katika enzi ya barafu usawa wa bahari ulikuwa chini sana kuliko ulivyo leo, na mito iliyoshuka kutoka bara ilichimba mabonde yake kupitia mawe ya matumbawe ya pwani. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikayajaza mabonde hayo na kuyafanya mahori. Hori la kaskazini ni Tudor. Hori la kusini na magharibi ni Kilindini, ambalo huanza kwa kupita kwenye njia nyembamba baina ya kisiwa na Likoni, kisha hupanuka na kuwa uwanja mpana wa maji unaoitwa Port Reitz. Reitz alikuwa luteni wa Kiingereza aliyeachwa kusimamia Mombasa mwaka 1824, wakati Kapteni Owen alipoitangaza kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa ombi la Wamazrui, ukoo uliotawala mji. Alikufa kwa homa mwaka huohuo, na ulinzi wenyewe ulivunjwa mwaka 1826.

Mahori yote mawili yanatumia uwazi mmoja katika mwamba wa nje. Upande wa kaskazini wa uwazi huo upo mwamba wa Leven, uliopewa jina la meli ya Owen, na upande wa kusini upo mwamba wa Andromache, ambao nao umeitwa kwa jina la manowari ya Kiingereza. Miamba hiyo ndiyo inayolivunja wimbi la kusi kabla halijafika ndani. Chombo kinachotoka bahari kuu hupita katika uwazi huo, kisha huchagua: kikielekea kulia kitafika bandari ya kale chini ya Fort Jesus, na kikipinda kushoto kwa kuizunguka Ras Serani kitaingia Kilindini. Kona hiyo ni kali kwa meli ndefu, na maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, hata mkondo katika njia nyembamba ukawa na nguvu. Abiria wa feri ya Likoni wanaujua mkondo huo, kwa sababu huiona feri ikielekezwa pembeni mwa gati ili maji yenyewe yaisukume hadi mahali pake.

Umbo hilo lina faida mbili za kijeshi na hasara moja. Faida ya kwanza ni utulivu wa maji, na ya pili ni kwamba anayesimama baharini haioni meli iliyo ndani ya Port Reitz, kwa kuwa nchi imeikinga. Hasara ni kwamba mlango ni mmoja. Anayeushika mlango amewashika walio ndani, na meli moja ikizama vibaya katika njia hiyo, bandari nzima imefungwa.

Vasco da Gama aliihofia hasara hiyo. Alipofika tarehe 7 Aprili 1498 alitia nanga nje, na siku chache baadaye alipojaribu kuingia meli yake ilikataa kugeuka ikagongana na iliyokuwa nyuma yake. Katika vurugu hizo marubani aliokuja nao kutoka Msumbiji walijitosa majini wakaogelea. Hakuingia tena, akaendelea na safari hadi Malindi.

Kwa nini vita vya zamani vilipiganwa upande wa pili

Kwa karne nyingi Kilindini haikuwa bandari kuu, na sababu yake si kwamba watu walikuwa hawaijui. Wakilindini ni mmoja wa miji mitatu ya Mombasa, pamoja na Wachangamwe na Watangana, na makazi yao ya awali yalikuwa upande huohuo wa kisiwa. Ila vyombo vya wakati ule havikuhitaji maji marefu kiasi hicho. Jahazi lililokuja na kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi lilitaka ufuo wa kuegemea maji yanapokupwa, mahali pa kupaka shahamu, soko lililo karibu na mji wenyewe, na ukuta wa mji wa kulinda mali. Hayo yote yalikuwa upande wa hori la Tudor. Kina cha Kilindini kilikuwa ziada isiyo na matumizi.

Kwa hiyo Wareno walipoamua kukaa Mombasa kwa nguvu, baada ya kumshinda na kumkamata Mir Ali Bey na jahazi zake za Kituruki mwaka 1589, walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 juu ya mwamba unaoitazama bandari ya kale. Waliongeza kijingome kwenye Ras Serani cha kuangalia mlango, na vingine Makupa vya kulinda mahali ambapo maji yakipwa mtu angeweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Mpangilio huo unaonyesha waliogopa nini: adui wa kwenye mlango na adui wa kwenye kivuko. Hata katika mzingiro wa Waomani, uliodumu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, vita vilikuwa chini ya kuta hizo. Manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama hapo mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa, na mabaki yake yakachimbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale kati ya mwaka 1977 na 1980. Yeyote anayeingia makumbusho ya Fort Jesus anaweza kuona baadhi ya vitu vilivyotolewa humo.

Kilichoibadilisha Kilindini ni chuma na mvuke. Meli za chuma ziliongezeka urefu na uzito hadi bandari ya kale ikawa finyu kwao, na mwaka 1896 Waingereza walipoanza kujenga reli ya Uganda walihitaji mahali pa kushusha reli, mataruma, injini na makaa ya mawe kwa wingi usiowahi kuletwa pwani hii. Walishushia Kilindini. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo bandari ilikuwa na kitu ambacho maumbile hayatoi: njia ya kuelekea bara yenye chakula, magogo na watu. Gati za maji marefu zilijengwa katika miaka ya 1920, meli kubwa zikaweza kufunga kamba ukingoni badala ya kupakua shehena kwa matishari.

Mafunzo ya Rufiji na Diego Suarez

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Kilindini ilikuwa mahali pa kuteremshia wanajeshi zaidi kuliko kituo cha manowari. Matukio ya baharini yaliyo na maana kwa habari hii yalitokea kusini zaidi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha, kisha ikakimbilia katika delta ya Rufiji. Delta ile ni maficho mazuri kupita kiasi: mikoko, vijito vingi, maji yasiyoweza kuingiwa na meli kubwa za adui. Waingereza hawakuingia. Walikaa nje na kungoja, wakazamisha meli ya makaa iitwayo Newbridge katika mmoja wa milango, na mwezi Julai 1915 wakaleta meli mbili bapa za mizinga, Severn na Mersey, zilizoweza kupanda mtoni. Königsberg ikaangamia ndani ya maficho yake.

Tukio la pili ni la Mei 1942, huko Diego Suarez, ncha ya kaskazini ya Madagaska, ghuba kubwa yenye mlango mwembamba ambayo kwa umbo huizidi Kilindini kwa mbali. Waingereza waliitwaa tarehe 5 hadi 7 Mei kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, kwa hofu kwamba Wajapani wangeitumia. Usiku wa tarehe 30 mwezi huohuo, nyambizi ndogo ya watu wawili iliyoachiliwa na nyambizi kubwa ya Kijapani ilipenya mlango ule, ikaipiga manowari Ramillies kwa topido na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Kwa hiyo ghuba iliyofungwa pande zote haikumzuia adui aliyekuja chini ya maji.

Nimeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi, ingawa yametengana kwa miaka 27. La Rufiji linaonyesha kwamba kinga inaweza kugeuka kuwa gereza, na la Diego Suarez kwamba kinga ya mawimbi haihusiani na kinga ya silaha. Wapangaji wa vita wa mwaka 1942 waliijua vizuri habari ya kwanza na walijifunza ya pili kwa gharama. Usalama waliouona Kilindini, kwa maoni yangu, haukutokana na umbo la mlango wake hata kidogo. Ulitokana na maili za bahari zilizokuwa kati yake na adui.

Aprili 1942

Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942, na kwa kuanguka kwake Uingereza ilipoteza kituo kikubwa ilichokijenga Mashariki kwa ajili ya vita na Japani. Kundi la Manowari la Mashariki, lililokabidhiwa kwa Admirali James Somerville mwezi Machi, likabaki na bandari mbili za Ceylon (Sri Lanka ya leo), yaani Colombo na Trincomalee, pamoja na kituo cha siri katika visiwa vya Addu, kusini mwa Maldivi. Kwa idadi kundi hilo lilionekana kubwa: manowari tano za daraja la kwanza na tatu za kubeba ndege. Lakini nne kati ya zile tano, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, zilitengenezwa wakati wa vita vilivyotangulia, zilikuwa za polepole, na matangi yake ya mafuta na ya maji ya kunywa hayakufaa safari ndefu za joto.

Mwanzoni mwa Aprili Wajapani waliingia Bahari ya Hindi na manowari tano za kubeba ndege chini ya Admirali Nagumo. Tarehe 5 walishambulia Colombo kwa ndege, na siku hiyohiyo wakazizamisha baharini manowari za Kiingereza Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 walishambulia Trincomalee, wakaikuta Hermes, meli ya kubeba ndege, ikiwa njiani bila ndege zake, wakaizamisha pia. Trincomalee ni mojawapo ya bandari asilia bora kabisa za dunia, na ubora huo haukuisaidia lolote kwa sababu ndege hazipitii mlangoni.

Somerville aligundua kwamba hana nguvu za kupigana na kundi lile mchana, na kwamba manowari zake nne za zamani zingekuwa mzigo. Alizipeleka Kilindini, na zile zenye kasi akazielekeza Bombay kwa muda. Muda mfupi baadaye Kilindini ikawa makao ya kundi lote.

Ukiangalia ramani utaelewa hesabu yake. Kutoka Colombo hadi Mombasa ni takriban kilomita 4,600, mwendo wa karibu wiki nzima kwa manowari inayokwenda maili 15 za baharini kwa saa. Meli za Nagumo zingeweza kufika, lakini zingefika zikiwa zimeishiwa mafuta, mbali na vituo vyao, bila ya kuwa na mahali pa kurudi kujazia. Wakati huohuo Kilindini ilikuwa pembeni mwa njia ambayo Uingereza haikuweza kuipoteza. Bahari ya Mediterania ilikuwa imefungwa kwa meli za mizigo za kawaida, hivyo vifaru, risasi na askari wa jeshi la Misri vilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, vikapita Mlango wa Msumbiji na kupanda hadi Suez. Mafuta ya Abadan, huko Iran, nayo yalishuka katika bahari hiyohiyo. Kundi la manowari lililo hai Mombasa, hata likiwa dhaifu, lilimlazimisha adui kufikiri mara mbili kabla ya kuikata njia hiyo, lakini kundi lililozamishwa Ceylon kishujaa lisingemlazimisha lolote. Jambo hilo halikuwafurahisha wengi, maana kurudi nyuma kwa umbali ule kulifanana na kukimbia. Nadhani Somerville alikuwa sahihi.

Hata hivyo bandari haikuwa tayari. Warspite, manowari ambayo Somerville aliliongoza kundi kutoka ndani yake, ilikuwa na urefu wa mita 196 na uzito unaozidi tani 30,000, na Kilindini haikuwa na gudi kavu la kuingiza chombo kama hicho ili chini yake itengenezwe. Manowari kubwa iliyoumia ililazimika kushuka hadi Durban, kama Ramillies ilivyofanya, au Rasi yenyewe. Mafuta yaliletwa kwa meli. Ndege za manowari haziwezi kuruka meli ikiwa imetia nanga ndani ya hori, hivyo zilihitaji viwanja vya nchi kavu. Uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulikuzwa katika vita hivyo. Jeshi la majini la Uingereza lina desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kana kwamba ni meli, na hapa majina yalichukuliwa kwa wenyeji: kituo cha Kilindini kiliitwa HMS Tana, na viwanja vyake vya ndege HMS Kipanga hapo Kilindini, HMS Kilele Tanga, na HMS Korongo Nairobi.

Kitu ambacho bandari ilikuwa nacho, na ambacho Addu haikuwa nacho kabisa, ni reli. Mboga, nyama na siagi za nyanda za juu za Kenya zilifika gatini, na mabaharia walipanda treni kwenda kupumzika katika baridi ya huko. Wenyeji wa mji walilipa kwa njia nyingine. Makuli walifanya kazi zaidi, bei za vyakula zilipanda, vyumba vya kupanga vikawa haba katika mji uliojaa askari na wahamiaji wa kazi, na manung'uniko yaliyokuwa yamekwisha kujitokeza katika mgomo wa bandarini wa mwaka 1939 hayakutatuliwa. Yalilipuka upya katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947.

Wasikilizaji wa Allidina Visram

Pamoja na manowari zilikuja redio. Ofisi ya Waingereza ya kuvunja maandishi ya siri ya Kijapani ilikuwa imeanza Hong Kong, ikahamia Singapore mwaka 1939, ikakimbilia Colombo Januari 1942, na baada ya shambulio la Aprili ikahamishiwa Mombasa. Iliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram. Kazi yake ilikuwa kunasa ujumbe wa morsi uliotumwa na meli na vituo vya Japani, kuupanga, kisha kutafuta muundo wa tarakimu zake hadi maneno yaonekane.

Hapo ndipo umbali ulipoanza kudai malipo. Mawimbi ya redio yaliyotumwa Malaya au Pasifiki yalifika Mombasa yamedhoofika au hayakufika kabisa, na mvunja maandishi anahitaji wingi: ujumbe mmoja ni fumbo tu, lakini mamia ya ujumbe yaliyofumbwa kwa ufunguo mmoja humwonyesha pale yanapofanana. Wasikilizaji wa Kilindini walikuwa wanapata sehemu ndogo ya walichokuwa wakipata Colombo. Pamoja na hayo, Novemba 1942 walifaulu kuyavunja maandishi ya meli za biashara za Kijapani, yaliyojulikana kama JN-40, kwa kusaidiwa na kosa la mtumaji aliyerudia ujumbe uleule mara mbili kwa namna isiyotakiwa. Kuyajua maandishi hayo kuliwapa habari za misafara ya mizigo na mafuta ya adui, yaani mahali pa kupeleka nyambizi. Septemba 1943 ofisi ilirudishwa Colombo, na kazi yake ikaongezeka.

Manowari nazo zilifuata mantiki hiyohiyo. Baada ya Wajapani kupoteza meli nne za kubeba ndege huko Midway mwezi Juni 1942, hatari ya kundi lao kubwa kurudi Bahari ya Hindi ilipungua sana. Kilichobaki ni nyambizi, ambazo katika Juni na Julai 1942 zilizamisha meli za biashara zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Kazi ya Kilindini ikawa kusindikiza misafara badala ya kuficha manowari kubwa, na meli nyingi nzito zikachukuliwa kwenda Mediterania. Mwaka 1943 ulipokwisha Uingereza ilikuwa inafikiria kushambulia, na kwa anayeshambulia, umbali wa wiki nzima ni mafuta na siku zilizopotea. Kundi lilipojengwa upya mwanzoni mwa 1944 liliwekwa Trincomalee, palepale lilipokuwa limefukuzwa.

Kwa Waafrika Mashariki wengi, bei kubwa ya njia hiyo ya bahari ililipwa baada ya kundi kuondoka. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano ulitoka Kilindini kwenda Colombo ukibeba wanajeshi wa kupigana Burma. Katika meli ya Khedive Ismail walikuwamo askari wa mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na Addu, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, na meli ikazama kwa muda mfupi kiasi kwamba wengi wa waliokuwa chini hawakupata hata kufika ngazini. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Petard na Paladin, manowari mbili za kusindikiza, zilidondosha mabomu ya kina katikati ya watu hao, kwa sababu kuiacha nyambizi kungeziweka meli nyingine hatarini. I-27 iliangamizwa. Waliokufa ni 1,297, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na idadi hiyo inaliweka tukio hilo miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya meli za Uingereza katika vita vile.

Kutoka HMS Tana hadi Mtongwe

Vita vilipokwisha Uingereza ilirudia wazo la umbali kwa sura nyingine. Ikihofia kupoteza vituo vyake vya Misri na Palestina, ilianza mwaka 1947 kujenga bohari kubwa la kijeshi huko Mackinnon Road, kiasi cha kilomita 90 kutoka Mombasa kwa reli, ili Kilindini iwe mlango wake. Mradi uliachwa miaka michache baadaye. Mwaka 1950 kiliundwa kikosi cha majini cha Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, kikawa baadaye Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, likavunjwa mwaka 1962 kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zinajitenga na kila moja ilikuwa na mahesabu yake.

Jeshi la Majini la Kenya lilianzishwa mwezi Desemba 1964, na makao yake yakawekwa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya hori la Kilindini. Mwaka 1966 likapata mashua za doria tatu, Simba, Chui na Ndovu, vyombo vidogo vilivyofaa kulinda uvuvi na mipaka ya maji. Waingereza walibaki kuwa wageni wa mara kwa mara: katika doria ya Beira, iliyoanza 1966 na kumalizika 1975 ikizuia mafuta ya kwenda Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kupitia bandari ya Beira, Msumbiji, mabaharia wao walikuja Mombasa kupumzika. Mwaka 1980 Marekani nayo ilitia saini mapatano na Kenya ya kutumia bandari na viwanja vya ndege, wakati Ghuba ya Uajemi ilipochafuka baada ya mapinduzi ya Iran. Mombasa haikuwa karibu na Ghuba kiasi cha kushambuliwa, wala mbali kiasi cha kutofaa.

Katika karne hii hatari kwa Kenya imekuja kutoka kaskazini: maharamia wa Kisomali, kisha al-Shabaab. Ndiyo maana kituo cha Manda, karibu na Lamu, kimepata uzito ambao kwa umbo lake na kwa reli ambayo hakina kisingeupata. Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya waliteremka kwa bahari Kismayo, mji uleule ambao Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yaliutwaa kutoka kwa Waitalia yakisaidiwa na manowari.

Mtongwe yenyewe imebaki kuwa makao makuu na karakana. Mwaka 2020 serikali iliunda kampuni ya Kenya Shipyards Limited, chini ya jeshi, yenye karakana Kisumu na Mombasa, na hapo Mtongwe pamejengwa chelezo cha kupandishia meli ili zitengenezwe nchi kavu badala ya kupelekwa ng'ambo. Pengo lililomsumbua Somerville limeanza kuzibwa, kwa kipimo cha vyombo ambavyo Kenya inavyo. Warspite isingepanda pale, lakini hakuna anayeihitaji Warspite kwa kazi ya kulinda maji kutoka Vanga hadi Kiunga.